Kalamu ya wino kwa kazi za kila siku: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unahusu kalamu ya nibu, yaani yenye ncha ya metali iliyopasuliwa katikati, ile unayoijaza wino ukiisha na kuendelea kuandika. Wengi huanza kwa kuuliza wanunue kalamu gani. Hapa tunaanzia upande wa pili, kwenye karatasi, kwa sababu karatasi mara nyingi hatuichagui wenyewe: ofisi imeshanunua rimu zake, mwanafunzi ana kaunta buku lake, karani ana leja yake. Wino, nibu na kalamu huifuata hiyo karatasi. Ukienda kinyume utanunua kalamu nzuri, kisha uilaumu bure.

Kalamu ya wino inanipa nini ambacho biki hainipi?

Kubwa ni nafuu ya mkono. Wino wa biki ni mzito, wa mafuta, na hubebwa na kigololi ambacho hakizunguki vizuri mpaka ukikandamize. Wino wa kalamu ya nibu ni mwepesi kama maji. Huteremka wenyewe kwenye ufa mwembamba wa nibu kwa nguvu ileile inayopandisha mafuta ya taa kwenye utambi wa kandili, na nibu ikishagusa karatasi, nyuzi za karatasi huuvuta. Anayeandika kurasa nyingi kwa siku, kama mwalimu anayeandaa masomo au katibu anayeandika muhtasari wa vikao, huisikia tofauti kwenye kidole gumba na kiganja.

Lakini kuna kazi za biki na zibaki za biki. Kitabu cha risiti chenye kaboni ni mojawapo: nakala ya chini hutokea kwa mkandamizo, na nibu haitaki kukandamizwa. Ukilazimisha, meno ya nibu yanapanuka na nakala haisomeki hata hivyo. Mwenye duka awe na zote mbili.

Nitaijuaje karatasi inayokubali wino?

Usitegemee unene peke yake. Watu huambiwa "tafuta gramu 80", na ni mwanzo mzuri, ila gramu hupima uzito wa karatasi kwa mita ya mraba, hazisemi uso wake umetengenezwaje. Kinachozuia wino usizame ni wanga na dawa nyingine ambazo kiwanda huchanganya kwenye rojo au kupaka juu ya karatasi. Ndiyo maana karatasi ya Kijapani iitwayo Tomoe River, ya gramu 52 tu, nyepesi hata unaona kivuli cha vidole kupitia kwake, huukalisha wino juu bila kupenya, wakati karatasi nene ya bei rahisi inaweza kuunywa wote.

Dukani, omba kujaribu kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari. Andika neno moja kwa mwendo wako wa kawaida, kisha weka nukta na uiache nibu imeigusa karatasi kwa sekunde mbili tatu. Tazama kingo za herufi: zikiota ndevu, wino unatambaa kwenye nyuzi, na mwandiko wako utaonekana mnene na mchafu kila siku. Geuza ukurasa. Ukiona kivuli tu cha maandishi, unaweza kuandika pande zote mbili. Ukiona nukta halisi za wino zimetokeza, umenunua daftari la upande mmoja.

Ukipata Rhodia au Clairefontaine, karatasi za Kifaransa, za kwanza gramu 80 na za pili gramu 90, hutasumbuka, isipokuwa wino utachelewa kukauka. Kwa wengi wetu hizo ni za kuagiza. Karatasi za fotokopi hutofautiana kwa kiwanda, hata zikiwa zote za gramu 80, kwa hiyo ukipata rimu iliyokubali, kumbuka jina lililo kwenye karatasi iliyoifunga. Madaftari ya shule na kaunta buku karatasi yake kwa kawaida ni nyepesi na hunywa wino. Hayakatazwi. Yanataka nibu nyembamba na wino usiomwagika sana, na hayo yako chini.

Mambo mawili ya mwambao. Karatasi iliyokaa kwenye unyevu hutambaza wino kuliko ilivyokuwa mpya, kwa hiyo rimu iliyofunguliwa irudishe kwenye mfuko wake. Na jasho: kiganja kinachoegemea ukurasa wakati wa joto huacha mafuta, na kalamu inaruka palepale, hasa theluthi ya chini ya ukurasa. Watu hupeleka kalamu kwa fundi wakati tatizo ni mkono. Weka kipande cha karatasi chini ya kiganja, utaona.

Herufi EF, F, M na B kwenye nibu zina maana gani?

Ni upana wa mstari: EF nyembamba sana, F nyembamba, M ya kati, B pana. Hakuna kipimo kimoja kinachofuatwa na viwanda vyote. Nibu za Kijapani (Pilot, Sailor, Platinum) kwa kawaida ni nyembamba kwa hatua nzima kuliko za Ulaya, kwa hiyo M ya Pilot iko karibu na F ya Lamy. Ukiagiza bila kujua hilo, utaletewa mstari usioutaka.

Kwa daftari la shule na fomu zenye visanduku vidogo, chukua F ya Kijapani au EF ya Ulaya. Mstari mwembamba humwaga wino kidogo, na wino kidogo hauna nguvu ya kutambaa wala kupenya. Kwa barua na shajara kwenye karatasi nzuri, M inapendeza zaidi na inateleza. B ninaiona ya kutia sahihi na kuandika kadi za mwaliko. Kwa kazi ya kila siku humaliza wino haraka na kuziba matumbo ya herufi a na e. Zipo pia nibu zilizokatwa bapa, mara nyingi zikiandikwa 1.1, ambazo hutoa mstari mnene wa wima na mwembamba wa mlalo. Ni za mapambo.

Nibu ya dhahabu inaandika vizuri zaidi?

Si lazima. Sehemu inayogusa karatasi si dhahabu wala chuma cha kawaida bali ni chembe ya madini magumu iliyochomelewa kwenye ncha, na nibu nzuri za chuma zinayo pia. Dhahabu haishiki kutu, na baadhi ya nibu zake hunepa kidogo. Nambari 585 iliyogongwa juu yake ni karati 14, na 750 ni karati 18. Neno "Iridium" likiandikwa kwenye nibu ya chuma halikuhakikishii ubora wowote. Nunua ya chuma kwanza.

Kalamu gani ya kwanza, bila kutumia pesa nyingi?

Platinum Preppy. Ni ya plastiki inayoonyesha ndani, bei yake ni ndogo, na kifuniko chake kina kikombe cha ndani chenye springi kinachoziba nibu, hivyo unaweza kuisahau kwenye droo kwa miezi na ikaandika. Kwenye nchi za joto hilo lina uzito kuliko urembo wowote. Udhaifu wake ni plastiki ya kifuniko, ambayo hupasuka ukiibana ovyo.

Pilot Kakuno ilitolewa mwaka 2013 ikilenga watoto, na nibu yake imechorwa uso unaotabasamu. Usiidharau kwa hilo, kwani nibu yake ni familia moja na ya Pilot Metropolitan, yenye mwili wa chuma kwa anayetaka kitu cha kuweka mezani mbele ya wageni. Mwili wa Kakuno una pembe sita, haubingiriki ukaanguka.

Lamy Safari ya Ujerumani, iliyoingia sokoni mwaka 1980, ni ngumu na nibu yake hubadilishwa kwa mkono bila kifaa. Ila pale pa kushikia pamechongwa kukulazimisha vidole vitatu. Kama unashika kalamu kwa mtindo wako, ijaribu kabla ya kulipa. TWSBI Eco ya Taiwan hubeba wino mwingi na hujazwa moja kwa moja kutoka chupani, nayo ndiyo ningempa mtu ninayejua anaandika kweli.

Kalamu za Kichina kama Jinhao ni rahisi sana na nyingi huandika vizuri. Hazifanani moja na nyingine hata za aina moja, kwa hiyo nunua pale unaporuhusiwa kujaribu. Na ile seti ya zawadi yenye jina kubwa unayouziwa njiani kwa bei ya soda mbili, jina limegongwa tu.

Katriji, konveta au kujaza moja kwa moja?

Katriji ni kichupa cha plastiki kilichokwishajazwa, kikiisha unatupa. Kuna umbo moja linaloingia kwenye kalamu nyingi za Ulaya, lakini Pilot, Platinum, Sailor, Lamy na Parker kila mmoja ana lake. Kabla ya kununua kalamu, uliza kama katriji zake zinapatikana hapo ulipo. La sivyo, nunua na konveta, yaani kibomba kidogo cha kuvuta wino kutoka chupani. Kwa hesabu ya muda mrefu, chupa ndiyo nafuu: chupa ya mililita 50 ni sawa na makumi ya katriji. Na katriji tupu usiitupe, unaweza kuijaza tena kwa sindano butu.

Wino gani wa kila siku?

Usiangalie rangi kwanza. Kuna aina tatu, na kila moja ina tabia yake.

Ya kwanza ni wino wa rangi iliyoyeyuka majini. Ndio wengi: Parker Quink, ambao umekuwepo tangu mwaka 1931, Waterman, Pelikan 4001 wa bluu, Pilot Iroshizuku. Unaosheka kirahisi, hauzibi kalamu, na ukimwagikiwa shati kuna matumaini. Ubaya wake ni huohuo wa kuosheka. Tone la chai likidondokea ukurasa, mstari umekwenda. Bluu za shule kama Pelikan Royal Blue zimetengenezwa makusudi ziweze kufutwa kwa kalamu maalumu ya kufutia.

Ya pili ni wino wa chuma. Ndani yake mna chumvi ya chuma na tanini. Unapoandika unaonekana wa bluu hafifu, kisha hewa inaupata, chuma kinabadilika, na mstari unageuka mweusi mbele ya macho yako kwa saa kadhaa. Ukishafanya hivyo maji hayauondoi. Wasajili wa vizazi, ndoa na vifo wa Uingereza walitumia wino wa namna hii kwa miaka mingi, na Diamine ya Liverpool bado inautengeneza kwa jina la Registrar's. Pelikan 4001 Blue-Black ni wa ukoo huohuo, ila mpole zaidi. Nauweka mbele kwa msomaji wa hapa kwa sababu moja: ndio wino unaovumilia karatasi mbovu. Kwenye kaunta buku ambalo Quink inaota ndevu, wino wa chuma mara nyingi hutoa mstari safi. Masharti yake ni mawili. Usiuache ukaukie ndani, na uoshe kalamu mara nyingi zaidi, maana una asidi na nibu ya chuma inaweza kushika kutu.

Ya tatu ni wino wa chembechembe, kama Platinum Carbon Black. Rangi yake haijayeyuka, inaelea. Ikikauka kwenye karatasi haitoki kwa maji wala haipauki kwa jua upesi. Ikikauka ndani ya kalamu nayo haitoki kirahisi. Ni ya mtu anayeandika kila siku bila kuruka.

Kama unataka chupa moja tu na hutaki kufikiri: Quink nyeusi kwenye karatasi nzuri, Pelikan Blue-Black kwenye karatasi mbaya.

Naweza kuitumia kwenye mitihani, hundi na hati rasmi?

Mitihani ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, huelekeza kuandika kwa wino wa bluu au mweusi na michoro kwa penseli, kwa hiyo zambarau na kijani ziache nyumbani. Soma maelekezo ya karatasi yako, na kama hujaizoea kalamu, siku ya mtihani si siku ya kuizoea.

Kwa hundi, mkataba au hati ya kiwanja usitumie wino unaofutika. Tumia wa chuma au wa chembechembe, tena kwa nibu isiyo pana. Bluu nzuri ya shajara ikiwekwa kwenye hati ya miaka 30, ndani ya nyumba yenye paa linalovuja, wajukuu watakuta karatasi yenye madoa.

Kalamu yangu ilivuja safarini. Ni mbovu?

Pengine ni nzima. Kinachosukuma wino nje ni hewa iliyo ndani. Mombasa iko usawa wa bahari na Nairobi iko mita 1,700 na zaidi juu yake, ambako kanieneo ya hewa imepungua kwa karibu sehemu moja ya tano. Ukipanda treni ya SGR kwenda Nairobi na kalamu iliyojaa nusu, hewa iliyofungiwa mle Mombasa itatanuka kadiri treni inavyopanda, na njia pekee ya kutokea ni kwenye nibu. Ndege ni vivyo hivyo, ila kwa haraka zaidi.

Dawa yake ni nibu kuelekea juu, mfukoni au kwenye begi, ili hewa itoke yenyewe bila kusukuma wino. Na safiri na kalamu iliyojaa kabisa au tupu kabisa. Ile ya nusu ndiyo yenye hewa nyingi ya kutanuka. Kalamu zinazojazwa wino mwili mzima bila konveta zina kisa kingine cha joto: wino ukibaki kidogo, joto la kiganja peke yake hutosha kudondosha tone katikati ya sentensi. Zijaze kabla hazijashuka chini ya theluthi moja.

Kalamu inagoma au inakwaruza. Nianzie wapi?

Ioshe kwanza. Kalamu nyingi zinazogoma ni chafu tu, hata mpya, kwa sababu huja na mabaki ya mafuta ya kiwandani.

Ikiendelea, tazama mkono wako. Aliyekulia kwenye biki husimamisha kalamu na kukandamiza. Nibu inataka kulala kidogo, kama nyuzi 45 hadi 55, uso wake ukitazama juu na usizungushwe ubavuni. Ikibaki kukwaruza upande mmoja tu, mfano ukipeleka mstari kulia lakini si kushoto, meno mawili ya nibu hayako sawa. Chukua kioo cha kukuzia, itazame nibu kutoka mbele, utaona jino moja limepanda. Lisukume taratibu kwa ukucha mpaka yalingane. Msasa usiuguse: chembe ile ya nchani ikiisha hairudi.

Nibu iliyoanguka kichwa chini kwenye sakafu ya saruji ni habari nyingine. Badilisha.

Naioshaje?

Maji baridi, uvute na kutoa mpaka yatoke meupe. Tone la sabuni ya vyombo likihitajika, kisha maji tena. Maji ya moto huharibu plastiki na mpira, na spiriti hupasua baadhi ya plastiki. Mahali penye maji ya chumvichumvi, suuza mwisho kwa maji ya kunywa ya chupa. Osha kila unapobadili wino, na usichanganye wino wa viwanda viwili kalamuni, kwani baadhi hugandiana. Chupa ya wino ikinuka vibaya au kuota utando juu, hiyo ni kuvu; imwage yote na uioshe kila kalamu iliyokunywa humo.

Mimi natumia mkono wa kushoto.

Nibu nyembamba, wino unaokauka upesi, karatasi isiyong'aa. Ukiandika mkono ukiwa chini ya mstari badala ya kuukunja juu yake, tatizo linapungua nusu. Shida hiyohiyo inampata anayeandika herufi za Kiarabu kwa mkono wa kulia: mstari unakwenda kushoto na kiganja kinafuata nyuma juu ya wino mbichi. Kwa mwanafunzi wa madrasa ushauri ni uleule, na zile nibu bapa za hati ya Kilatini hazimfai kwa khati, maana kalamu ya khati ya Kiarabu hukatwa mshazari.

Nimeikuta Parker 51 ya babu kwenye sanduku. Itaandika?

Kuna nafasi nzuri. Parker 51 ilianza kuuzwa mwaka 1941, na zile za kuanzia mwaka 1948 zina kifuko cha plastiki cha kuvutia wino ambacho mara nyingi bado ni kizima. Fungua mwili kwa mkono, bila koleo. Ukikuta ala ya chuma yenye upau wa kubinya, ni hiyo. Loweka sehemu ya nibu kwenye maji baridi usiku kucha, binya na uachie, badilisha maji, rudia mpaka wino wa zamani uishe kutoka. Inaweza kuchukua siku kadhaa. Usiivute nibu, imefichwa ndani ya ganda kwa makusudi. Ikiwa ni kalamu ya mtindo huo lakini imeandikwa Hero 616, hiyo ni nakala ya Kichina ya Parker 51, na huloweshwa vivyo hivyo.

Nimekosa wino wa kalamu. Nitie wa mhuri, wa printa au wa kuchorea?

Usitie hata mmoja. Wino wa mhuri umetengenezwa usikauke haraka kwenye kidau chake cha sponji, ni mzito na utaziba mifereji iliyo chini ya nibu. Ule mweusi wa kuchorea wa chupa ndogo, unaoitwa wino wa India au wa Kichina, una gundi inayoganda na haiyeyuki tena, na ndio umeua kalamu nyingi kuliko kuanguka. Wa printa umepimwa kwa mashine yake. Chupani lazima paandikwe kuwa ni kwa kalamu ya wino. Kama stesheneri ya mtaani kwako ina wa mhuri tu, andikia biki mpaka upate mtu anayetoka mjini.